Je, injini ya rota huuawa na huruma ya dereva? Miezi 4 na RX-7 ya mwaka 1990

#1 MpwaWaMjomba (Tanga)

Habari zenu wanajamvi. Marehemu mjomba aliniachia Mazda RX-7 ya mwaka 1990, ile ya umbo la pili iitwayo FC, yenye injini ya rota iitwayo 13B, ya turbo, na gia za mkono. Ilikaa bandani Pongwe miaka 7 ikiwa imefunikwa turubai, mpaka mwaka huu nilipobadilisha betri, mipira ya petroli na oili zote, nikaiwasha.

Nimeendesha Corolla na Hilux kwa miaka 15, nami nilidhani kwamba aliyelijua gari moja ameyajua yote. Hili limenirudisha darasani. Chini ya mizunguko 3000 kwa dakika ni zito na la uvivu, hata bodaboda hunipita likitoka kwenye taa. Likivuka 4000 linaamka kana kwamba limekumbuka jambo. Sauti yake haina mtikisiko wa kunionya kwamba nimefika juu, hivyo mara mbili nimejikuta mshale uko kwenye 7000 nami sijui.

Swali langu ni hili. Fundi anayelitazama hapa Tanga ameniambia nisivuke 3000 kwa sababu injini ni ya zamani na inahitaji kuhurumiwa. Lakini ndani ya kijisanduku cha gari nimekuta daftari la mjomba, ameandika kwa penseli: "Usimtoe kwa safari ya dakika 5. Ukimwasha, mpeleke mpaka Muheza. Akishapata moto, umpandishe 6500 walau mara moja, kisha umrudishe taratibu." Wawili hawa hawawezi kuwa sahihi kwa pamoja. Nimsikilize nani?

#2 Spana19 (Dar es Salaam)

Pole kwa msiba, Mkuu. Kwa sasa msikilize fundi, japokuwa sababu aliyokupa siyo.

Injini hii haina pistoni wala valvu. Ina rota 2 zenye pembe tatu, na kwenye kila pembe kuna sili ya ncha, kijibao chembamba kinachosukumwa na springi ili kikwangue ukuta wa nyumba ya rota na kuzuia mgandamizo usivuje. Gari likikaa miaka 7, oili hushuka kutoka kwenye ukuta huo, masizi ya zamani hukauka ndani ya mifereji ya sili, na sili inaweza kunata pale ilipolala. Ukimpeleka mgonjwa wa namna hiyo 6500 siku ya kwanza, rota inayozunguka mara 6500 kwa dakika ikiwa na sili iliyokwama itakuchonga ukuta wote, na hapo utakuwa unatafuta injini nyingine.

Kabla ya kubishana na daftari, kapime kompresheni, yaani huo mgandamizo. Kipimo cha kawaida kitakuonyesha uso mmoja tu wenye nguvu kuliko wenzake, kwa hiyo mwambie fundi aondoe kile kivalvu kidogo kwenye kipimo ili mshale uruke mara tatu kwa kila rota. Miruko mitatu inayolingana ni habari njema. Mmoja ukiwa mfupi, mjomba na daftari lake wangojee.

#3 Nyegere_wa_Ngong (Nairobi)

Salaam. Mimi naungana na marehemu, na ninaungana naye kwa gharama ya injini nzima.

Nilinunua RX-8 ya mwaka 2004, ile ya gia 6 ambayo mstari wake mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko, uko kwenye 9000. Kwa kuogopa sifa mbaya za injini hizi, niliiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kilimani hadi Upper Hill asubuhi, Upper Hill hadi Kilimani jioni, foleni tupu, sikuwahi kuvuka 3500. Baada ya mwaka mmoja na nusu ikaanza kukataa kuwaka ikiwa na moto. Tulipoifungua, sili tatu kati ya sita zilikuwa zimeganda kwa masizi kiasi kwamba fundi alizitoa kwa bisibisi.

Maelezo niliyopewa, na ambayo bado naamini, ni kwamba injini hii huingiza oili kidogo ndani ya chumba cha mwako kwa makusudi ili sili zipate ulaini, na oili hiyo lazima iungue. Ukiendesha polepole siku zote, haiungui vizuri, inageuka lami. Ukiipandisha juu ikiwa na moto kamili, masizi hukatika na kutoka na moshi. Injini ya pili ninaipeleka 8500 kila siku kwenye barabara ya Southern Bypass, na huu ni mwaka wa tatu.

#4 BintiSaid_Maskati (Muscat)

Namheshimu ndugu Spana19, ila naomba kusahihisha jambo moja. Rota haizunguki mara 6500 pale mshale unaposoma 6500. Mshale unasoma shafti kuu, na shafti huzunguka mara tatu kila rota inapozunguka mara moja. Kwa hiyo kwenye 6500 rota inazunguka kama mara 2170 tu. Tena ndani yake hakuna kinachokwenda na kurudi kama pistoni, ndiyo maana injini hii haitikisiki na dereva mgeni hasikii kwamba amefika juu. Hata RX-7 ya kwanza kabisa, ya mwaka 1978, iliwekewa king'ora kidogo cha kumzindua dereva kwenye mstari mwekundu.

Pili, mnabishana kuhusu huruma na ukali, nami nimezika injini moja ya FD, RX-7 ya umbo la tatu, bila kuwa mpole wala mkali. Iliuawa na joto. Nyumba za rota ni za alumini na zimebanwa katikati ya sahani za chuma cha kusubu kwa boliti ndefu zinazopita kutoka mwisho hadi mwisho. Alumini na chuma havitanuki sawasawa. Injini ikichemka mara moja tu, mipira inayotenganisha maji na chumba cha mwako huungua, na kuanzia hapo gari linakunywa maji. Tena geji ya joto ya FD ni mwongo mstaarabu, hukaa katikati kwa muda mrefu huku joto likipanda, na ukiiona imesogea jambo limekwisha kuharibika. Huku kwetu mwezi wa sita hakuna anayeendesha rota bila geji ya nyongeza. Tanga kuna joto na unyevu. Ningekuwa wewe, ningeanza na rejeta, termostati na kifuniko cha rejeta, kisha ndipo nibishane kuhusu mshale.

#5 Kibubu_Moro (Morogoro)

Mimi sina rota wala sitarajii kuwa nayo, nimevutwa na swali dogo tu. Kadi ya gari la namna hii husomeka cc 1300 na kidogo, sawa na gari la mwalimu wa shule ya msingi. Iweje linywe petroli kama lori la mchanga? Kuna mtu anadanganya hapa, ama ni kadi ama ni tanki.

#6 Mwanafunzi_Hiroshima (Hiroshima)

Kadi haidanganyi, Kibubu, inahesabu kwa namna yake. Kila rota ya 13B ina chumba cha cc 654, na rota ziko mbili, hivyo tunapata 1308. Lakini hesabu hiyo inachukua uso mmoja tu wa kila rota, ilhali kila rota ina nyuso tatu zinazofanya kazi kwa zamu. Injini ya pistoni ya mipigo minne huhitaji shafti izunguke mara 2 ili silinda zote zivute hewa. Katika mizunguko hiyo hiyo 2, 13B imekwisha kuvuta cc 2616. Ukiihesabu mpaka nyuso zote sita zimalize zamu, utapata 3924, ila hapo shafti imezunguka mara 3. Huku Japani watu wa kodi waliamua kuzidisha kwa 1.5, kwa hiyo RX-7 hulipiwa kama gari la cc 1962. Chagua nambari unayoitaka, kila moja ina wafuasi wake.

Kuhusu sili, tatizo ni la zamani kuliko sisi sote. Wahandisi wa Mazda chini ya Kenichi Yamamoto walipokuwa wakiunda injini ya gari la Cosmo Sport lililotoka mwaka 1967, sili zilitetema zikachora mistari ukutani, wao wakaiita makucha ya shetani. Waliipunguza kwa kutengeneza sili za kaboni iliyochanganywa na alumini. Kwa hiyo, sili hizi zina mwendo ambao huzifaa na mwendo ambao haziupendi. Huenda mjomba aliujua mwendo huo kwa sikio lake.

#7 MpwaWaMjomba (Tanga)

Ahsanteni. Nimepima kompresheni kama alivyoelekeza Spana19. Rota ya mbele imeruka mara tatu zinazolingana. Ya nyuma inalingana pia lakini iko chini kidogo ya ya mbele. Fundi anasema si mbaya, ila uso wake haukufurahi.

Ngoja nieleze zaidi jinsi ninavyojifunza, kwa kuwa nadhani nusu ya tatizo ni mguu wangu. Kwenye Hilux nikitaka kulipita lori nakanyaga tu mafuta nikiwa gia ya nne, nalo linavuta. Kwenye hili gari nilifanya hivyo karibu na daraja la Wami, nikawa ubavuni mwa semitrela ya simenti, pedali iko chini, na hakuna lililotokea kwa muda ulionitosha kukumbuka madeni yangu yote. Kisha turbo ikajaa ghafla, gari likaruka mbele kama lililopigwa teke. Tangu siku hiyo nimejifunza kushusha gia mbili kabla sijatoka nyuma ya lori, mshale ukae 4500 nikiwa bado nimesubiri, halafu ndipo nitoke. Ni kama kumwamsha mtu kabla hujamtuma.

Jambo la pili ni kuteremka. Nikiondoa mguu kwenye mafuta halijizuii kama gari la pistoni, linateleza tu, hivyo nimeanza kugusa breki mapema kuliko nilivyozoea. La tatu ni matuta. Kati ya Segera na Mkata nimejifunza kuyapanda kwa mshazari, tairi moja moja, huku abiria wa mabasi wakinicheka. La nne ni petroli: kutoka hapa hadi Dar es Salaam, kilomita 350 hivi, ilikula karibu lita 50.

Kuna mawili ambayo sijui kama ni mazoea au ni ugonjwa. Moja, mshale ukifika kama 3800 gari linasita, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, halafu linaendelea. Pili, nikilizima likiwa na moto na kujaribu kuliwasha baada ya dakika 10, linapiga stata muda mrefu bila kushika. Likiwa baridi linashika mara moja.

#8 Spana19 (Dar es Salaam)

Nakubali masahihisho ya BintiSaid kuhusu theluthi, niliandika kwa haraka. Hata hivyo hoja yangu inabaki palepale, sili iliyonata ni sili iliyonata hata ikizunguka mara mbili elfu.

Kusita kwenye 3800 kuna sababu ya wazi. FC ina sindano 4 za petroli, mbili za kwanza hufanya kazi wakati wote, na mbili za pili huamshwa karibu na mizunguko hiyo. Petroli ya mjomba imekauka ndani ya zile za pili kwa miaka 7. Kompyuta inaziita, hazijibu, hewa inazidi petroli, gari linasita. Zitoe uzisafishe kwa mashine, usimwage tu dawa kwenye tanki ukadhani umemaliza. Na usilitanie jambo hili kwenye gari la turbo, kwa sababu petroli pungufu ndani ya turbo ndiyo inayovunja sili.

#9 Waya_Mweusi (Mwanza)

Mafundi wa spana hukimbilia spana. Tatizo la 3800 kwenye FC linajulikana miaka mingi kwa wenye magari haya duniani kote, ingawa hulalamikiwa zaidi kwenye zile zisizo na turbo, na dawa yake ya kwanza ni waya za ethi, zile zinazounganisha injini na bodi kwenye hasi ya betri. Kompyuta ya gari hii inasoma volti ndogo sana kutoka kwenye sensa. Ethi ikishika kutu, volti hizo hupotoka, na mahali pa kwanza utakapoona upotofu ni pale sindano za pili zinapoingia, kwa sababu hapo ndipo hesabu inapobadilika. Gari lililolala Tanga, umande wa chumvi, miaka 7! Safisha kila ethi inayogusa injini na bodi kwa msasa mpaka uone chuma cheupe, ongeza waya mmoja mnene kutoka betri hadi injini. Itakugharimu nusu siku na chupa ya soda. Ukishindwa hapo, ndipo umwite Spana19 na mashine yake.

#10 Nyegere_wa_Ngong (Nairobi)

Kabla ya sindano na kabla ya waya, tazama plagi. Injini hii ina plagi 2 kwa kila rota, ya chini hutangulia na ya juu hufuata, na kwenye FC hazina kiwango kimoja cha joto. Ya chini ni 7 na ya juu ni 9. Fundi aliyezoea pistoni hununua nne za aina moja na kukuambia amekuokolea pesa. Mwenzangu wa hapa Nairobi mwenye FC alizunguka na kusita kwa aina hiyo miezi 2, akabadilisha pampu ya petroli, akabadilisha koili, mwishowe akagundua kwamba plagi zilibadilishana nafasi siku ya sevisi.

#11 MzeeWaRoAchtzig (Moshi)

Wanangu, nawasoma kwa furaha. Nilisoma ufundi karibu na Stuttgart mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwalimu wetu mmoja alikuwa na NSU Ro 80. Nasema hivi kwa kuwa mazungumzo yamekaa kana kwamba injini hii ilizaliwa Japani. Felix Wankel, aliyeibuni, alifanya kazi na kampuni ya NSU pale Neckarsulm, Ujerumani, na NSU Spider ya mwaka 1964 ndiyo gari la kwanza kuuzwa likiwa na injini hiyo. Ro 80 ilitoka 1967 na kuchaguliwa gari la mwaka la Ulaya la 1968.

Ilikuwa ikisemwa kwamba wenye Ro 80 wakipishana barabarani husalimiana kwa vidole, na idadi ya vidole ni idadi ya injini walizokwisha kubadilisha. Mwalimu wetu alikuwa ameinua vidole viwili. Yeye hakulaumu ukali wala upole. Alilaumu safari fupi: kuwasha, kulisogeza gari mita mia, kuzima. Alisema injini ya rota isiwashwe na mtu asiye na pa kwenda. Daftari la mjomba wako linanikumbusha maneno hayo, isipokuwa Muheza ni nzuri kuliko Heilbronn, mji wa jirani na Neckarsulm.

#12 BintiSaid_Maskati (Muscat)

Shikamoo Mzee. Nimecheka kwa vidole, kwa sababu mimi nainua kimoja na ninamwomba Mungu kibaki kimoja.

Kuhusu kukataa kuwaka ikiwa na moto, samahani mpwa, hiyo ndiyo dalili ambayo wenye rota hawapendi kuisikia. Injini baridi ina oili nzito inayosaidia kuziba. Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, sili zilizochoka zinavuja, mgandamizo haufiki. Rota ya nyuma uliyosema iko chini, naitilia shaka.

#13 DadaKoili (Kampala)

Pole pole na hukumu, dada yangu. RX-8 yangu ilifanya hivyo hivyo na watu wakanipa mkono wa rambirambi, kumbe stata ilikuwa imechoka na koili mbili zilikuwa zinakufa zikipata moto. Injini hii inataka kuzungushwa upesi ili ishike. Stata ikizunguka kivivu hata injini nzima haiwaki. Nilibadilisha stata na koili, na mpaka leo inawaka.

Halafu kuna kulewa petroli. Mpwa, ukikuta imepiga stata muda mrefu na inanuka petroli, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na uishikilie huku ukipiga stata. Sindano zitakatwa, hewa itakausha chumba, halafu uachie.

#14 Mwanafunzi_Hiroshima (Hiroshima)

Nasahihisha kwa heshima: hiyo ya pedali ni ya RX-8. Kwenye FC usiitegemee, unaweza kuzidi kuilewesha. Wenye FC huchomoa fyuzi iliyoandikwa EGI, hupiga stata mara chache mpaka harufu ipungue, kisha huirudisha. Wengine huweka swichi ya kukata pampu ya petroli. Umeangalia chini ya dashibodi? Mtu aliyeandika daftari la namna ile hawezi kukosa swichi ya siri.

#15 Nahodha_wa_Likoni (Mombasa)

Nashangaa hakuna aliyetaja oili ndani ya petroli. Pampu inayoingiza ile oili aliyoitaja Nyegere kwenye chumba cha mwako, kwenye FC ya mwaka 1990 inaendeshwa kwa umeme, na umeme wa gari la umri huo ni bahati nasibu. Mimi kila nikijaza lita 50 natia mililita 250 za oili ya tustroki, ile ya mashine za boti, ambayo imetengenezwa iungue na kupotea. Ninainunua pale pale wanapouza wavuvi. Oili ya sampu, lile karai la chini ya injini, bado ninaiangalia kila ninapojaza petroli, kwa sababu gari langu linakula lita 1 kila kilomita 1500 hivi, na hilo si ugonjwa, ndivyo lilivyo. Mwenye rota asiyegusa kijiti cha oili ni mwenye rota wa muda mfupi.

#16 Kibubu_Moro (Morogoro)

Kwa hiyo gari la mbio la Mjapani linanuka kama ngalawa ya kuvulia dagaa. Naendelea kusoma.

#17 Spana19 (Dar es Salaam)

Oili ya boti ni sawa kwa kiasi hicho. Akizidisha, plagi zitalowa na atarudi hapa kutuambia kwamba 3800 imeongezeka ikawa 3000. Mpwa, swali moja: gari lina oili gani kwenye sampu? Usiniambie sintetiki nzito ya lori.

#18 MpwaWaMjomba (Tanga)

Wanajamvi, zimepita wiki 3 na nimerudi. Mwanafunzi, swichi nimeiona! Ipo chini ya usukani upande wa kulia, imefungwa kwa utepe mweusi, nilikuwa nikidhani ni ya taa za ukungu. Inakata pampu. Nimekaa nayo kimya garini dakika kadhaa kabla ya kuigusa.

Niliyofanya ni haya. Nilisafisha ethi zote na kuongeza waya mnene, kama alivyosema Waya_Mweusi. Siku hiyo hiyo fundi alitoa plagi, akakuta zote nne ni za kiwango cha 9, tukaweka 7 chini na 9 juu. Kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kufungua juu, alitoa na sindano nne, zikaenda kusafishwa. Rejeta imezibuliwa, termostati mpya, kifuniko kipya. Oili kwenye sampu ni ya madini, 10W-30. Na mililita 250 za Nahodha zimo kwenye tanki.

Kusita kwenye 3800 kumetoweka. Kwenye barabara ya Muheza nimelipandisha mara 6, mara ya kwanza 5000, jana 6500. Moshi wa kijivu ulitoka mwanzoni, sasa hautoki. Mguu wangu umezoea pia: mkono unashusha gia kabla akili haijaamua, na gari linanijibu pale pale. Hata kwenye matuta sasa nalitanguliza jicho, najua lipi litagusa na lipi halitagusa.

#19 Waya_Mweusi (Mwanza)

Hongera. Ethi, kama nilivyosema.

#20 Spana19 (Dar es Salaam)

Ethi gani? Sindano zimetoka kusafishwa siku hiyo hiyo. Mlipaswa kufanya moja, mkaendesha, mkafanya jingine. Sasa kila mtu atadai ushindi na hakuna atakayeweza kumpinga mwenzake.

#21 Nyegere_wa_Ngong (Nairobi)

Plagi za 9 mahali pa 7. Sisemi zaidi.

#22 MzeeWaRoAchtzig (Moshi)

Mimi naona ni Muheza. Mara sita, kilomita sabini kila safari ukijumlisha kwenda na kurudi, moshi wa kijivu umetoka na haurudi. Lakini Spana19 ana haki ya kukasirika.

#23 BintiSaid_Maskati (Muscat)

Mpwa, umeruka jambo moja katika taarifa yako, nami nimesoma mara mbili kulitafuta. Kuwaka ikiwa na moto je?

#24 MpwaWaMjomba (Tanga)

Dada, nilitumaini hutauliza. Jumamosi nilisimama Segera kunywa chai. Nilipiga stata, likakataa. Nikakata pampu kwa swichi ya mjomba, nikapiga tena, nikairudisha, likakataa. Nilisubiri dakika 20, likashika mara moja bila manung'uniko. Sijapima kompresheni ikiwa na moto, fundi anasema tuipime wiki ijayo, na stata mpya ya kujaribia maelezo ya DadaKoili nimeagiza Dar es Salaam.

#25 DadaKoili (Kampala)

Katika hizo dakika 20, boneti ilikuwa imefunguliwa au imefungwa?